Chuo cha nesi cha private Dar, kwa mzazi anayefanya kazi

Wazazi wenzangu mnaoulizia diploma ya uuguzi na ukunga, mi niko private hapa Dar, nasoma huku nina duka na watoto. Ada wanakubali ulipe kwa awamu, hapo nawapa maksi zote, ila ile ya kwenye fomu siyo yote jamani, kuna yunifomu, bima, hela ya mtihani, hela ya fildi (mazoezi ya kazi hospitalini), ukijumlisha unashika kichwa. Kabla hujatoa hata mia omba maelekezo ya kujiunga uyasome mpaka ukurasa wa mwisho, na cheki kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, bila hivyo leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga utaisikia kwa wenzio. Walimu wako poa. Shida ni fildi, zamu ya usiku haiangalii mtoto ana homa au dada wa kazi kaaga ghafla, na hapa hamna cha jioni wala wikendi, ni miaka 3 ful taimu. Kama una pasi za Kemia, Baiolojia na Fizikia anza kuomba vyuo vya serikali, ada ni nafuu, ila nafasi zinagombaniwa kama basi la mwendokasi asubuhi. Nyota 3 kwa 5.