Matatu na treni za Nairobi: masharti ya korona yaliyokufa na lile lililobaki

Ukipanda matatu Nairobi leo, huduma ni ile ile ya kabla ya Machi 2020, isipokuwa jambo moja: unalipa nauli kwa simu na makanga hakukodolei macho. Alama za X zilizoonyesha viti vya kuachwa wazi zilibanduliwa, chupa ya sanitaiza ilitoweka mlangoni, na barakoa imebaki kwa mwenye mafua na adabu zake. Kwa nini hili moja likakaa na mengine yakaenda? Jibu limo kwenye hesabu ya gari, kwa hiyo tuanze hapo.

Tarehe 20 Machi 2020, wiki moja baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini, serikali iliagiza gari la viti 14 libebe abiria 8, la viti 25 libebe 15, na yenye viti 30 kwenda juu yasizidi asilimia 60. Treni za mjini na zile za SGR, reli mpya ya kwenda Mombasa, nazo zikaingizwa humo. Kwenye karatasi ni sharti safi kabisa. Sasa chukua gari la viti 14 kwenye njia ya shilingi 50. Likijaa, safari moja inaleta 700. Kwa watu 8 inaleta 400. Ili ile 700 irudi, kila abiria atoe shilingi 87 na senti 50, na kwa kuwa makanga hana biashara na senti, anaita 90 au mia. Basi la viti 33 halikuwa na nafuu yoyote, maana kwa watu 19 mgawanyo ni karibu ule ule. Gari la viti 25 lilipumua kidogo tu, shilingi 83 na ushei. Dizeli haijui kwamba viti sita viko wazi. Mwenye gari bado anadai hesabu yake ya siku, yaani kiasi alichopangiwa kupelekewa kila jioni, na steji ina watu wake wa kulipwa.

Juu ya hayo ikaja kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi ilikuwa saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na hilo liliumiza kuliko kupunguzwa kwa viti. Matatu hula kwa mawimbi mawili, la asubuhi kuingia mjini na la jioni kutoka. Gari lililotaka kuwa limeegeshwa saa 1 lilibidi litoke mjini kwa safari ya mwisho mapema mno, na abiria wote wa jioni wakamiminika kwa saa zile zile chache huku nafasi zikiwa zimepungua kwa asilimia 40. Matokeo yake yalionekana kwenye steji za katikati ya jiji, Ambassadeur, Odeon, Koja na Railways: foleni za watu waliobanana bega kwa bega kando ya barabara, wakingoja kwenda kuketi kwa kuachana ndani ya gari. Msongamano haukuisha. Ulihamishwa kutoka kitini hadi steji, na hapo steji hapakuwa na sharti lolote lililosimamiwa kwa dhati. Hili ndilo kosa kubwa la mpango mzima, na lingepungua sana kama saa za kafyu na idadi ya viti vingepangwa kwa pamoja.

Saa za kafyu zilisogezwa mara kadhaa: saa 3 usiku mwezi Juni 2020, saa 5 mwishoni mwa Septemba, zikarudi saa 4 mwezi Novemba. Machi 2021, Nairobi na kaunti nne jirani zikarudishwa hadi saa 2 usiku. Kila saa zilipobanwa, foleni zilirudi. Mwezi Aprili mwaka huo, vizuizi vya polisi kwenye Barabara ya Thika viliwafungia watu njiani usiku, magari yakiwa yamesimama mita kwa mita. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Ndani ya gari, utekelezaji ulikuwa wa kizuizi hadi kizuizi. Kiti cha katikati kimebandikwa mkanda wa X. Gari likishapita askari wa mwisho, makanga anasema "songa kidogo, ni hapa karibu," na mkanda unakaliwa. Barakoa inapanda kutoka kidevuni hadi puani polisi wakionekana, kisha inashuka, hata kama faini ilikuwa shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Haikuwa mara ya kwanza. Kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano na sare za wahudumu. Zilinyoosha sekta kwa miezi mingi, kisha zikalegea mahali ambapo kuzivunja kulikuwa na pesa na kuzifuata hakukuwa na faida. Mstari wa njano upo hadi leo kwa sababu haumgharimu mtu abiria hata mmoja.

Sanitaiza inafaa kuelezwa, kwa sababu wengi walidhani ni hila tu ya makanga. Ili ifanye kazi inahitaji spiriti ya angalau asilimia 60, na mikono isuguliwe mpaka ikauke. Chupa iliyokaa siku nzima kwenye dashibodi, kifuniko kimelegea na jua likipiga kioo, inapoteza spiriti. Kinachobaki kinateleza na kunukia lakini kimedhoofika. Ongeza maji ya kuirefusha hadi jioni, unabaki na manukato. Kilichokuwa na maana zaidi kwa ugonjwa unaosafiri hewani ni dirisha wazi, na dirisha ndilo halikuwa na msimamizi. Mvua za Aprili na baridi ya Julai zilitosha kulifunga. Hadi sasa, ukiwa na kifua au mtoto mchanga, kabla ya kuketi jaribu kioo cha upande wako kama kinateleza. Kwenye magari ya viti 14 vioo vya safu ya mwisho mara nyingi havifunguki, kwa hiyo safu za katikati ni bora. Gari lililofunikwa michoro mpaka hakuna cha kufungua, haijalishi muziki ni mzuri kiasi gani, liache lipite.

Idadi kamili ya abiria ilirudi tarehe 9 Agosti 2021, kwa makubaliano ya wizara na vyama vya wamiliki, na nauli zilitakiwa zirudi zilivyokuwa. Mwezi uliofuata petroli ikafika shilingi 134.72 Nairobi, na kila makanga akawa na sababu mpya ya kuita bei ya zamani ya korona. Kisha Novemba 2021 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa asihudumiwe, usafiri wa umma ukiwemo. Mtu aliyewahi kuona gari likijaza abiria Githurai angejua mara moja kuwa hakuna makanga atakayesimama kukagua vyeti mlangoni injini ikiunguruma. Mahakama Kuu ilisitisha agizo hilo wiki moja kabla halijaanza. Sharti la barakoa mahali pa wazi liliondolewa tarehe 11 Machi 2022.

Sasa kile kilichobaki. Nauli bila pesa taslimu ilijaribiwa kwa nguvu kabla ya korona. BebaPay ya Google na Benki ya Equity ilianza 2013, ikaja amri ya serikali ya kuacha pesa taslimu kuanzia Julai 2014, ikaahirishwa, na BebaPay yenyewe ikafungwa 2015. Kadi zilihitaji mashine ya kusomea ndani ya kila gari, zilihitaji kujazwa pesa mapema, na abiria anayebadilisha magari alijikuta na kadi isiyokubalika kwenye gari la pili. Zaidi ya yote, zilimnyima makanga senti mkononi kwa siku nzima. Machi 2020, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuhimiza watu wapunguze kushika noti, Safaricom iliondoa ada ya kutuma shilingi 1,000 kwenda chini kwa M-PESA. Ada ziliporudi Januari 2021, kutuma shilingi 100 kwenda chini kukabaki bure. Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, kwa kuwa nauli nyingi za ndani ya jiji zilikuwa chini ya mia. Hakuna mashine mpya, hakuna kadi, na ile vita ya chenji ikaisha. Waliozoea kuambiwa "wewe na huyu mkagawane mia mbili" wakishuka sehemu mbili tofauti wanajua hiyo ni nafuu ya aina gani.

Lakini inahitaji ujanja kidogo. Uliza nauli kabla ya kupanda, kwa sababu mvua ikinyesha bei iliyoitwa Railways sio itakayoitwa njiani. Ukishaketi, tafuta nambari. Kwa kawaida imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kiti cha dereva au juu ya mlango. Tazama kama ni nambari ya till, yaani ya biashara ya kupokelea malipo, au nambari ya simu ya mtu. Ikiwa ni till, ingia Lipa na M-PESA, chagua kununua bidhaa na huduma, weka nambari, kiasi, na PIN. Mnunuzi hakatwi ada. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ikiwa gari ni la Sacco fulani, yaani chama cha wenye matatu, na jina ni la duka la nguo, simama hapo na umuulize makanga.

Lipa mkiwa mmeshatoka mjini na bado hamjakaribia kwako. Saa 12 jioni ujumbe unaweza kuchelewa, na makanga hatakushusha kwa neno la mdomo. Till ikiwa ni ya mwenye gari, ujumbe unaingia kwenye simu iliyo mbali na gari, kwa hiyo makanga anategemea ule wako. Atataka kuona kiasi na saa, na kumwonyesha ujumbe wa jana ni kutafuta kelele. Usifute ujumbe mpaka umeshuka. Ukikosea tarakimu na pesa ikaenda kwa mtu mwingine, tuma ujumbe wa M-PESA ule ule kwenda 456 upesi, kabla mpokeaji hajaitoa. Chaji ikiwa ndogo, beba noti ya hamsini. Simu iliyozimika si hoja ya kushuka bure.

Utaona pia kuwa karatasi ina nambari moja na makanga anakutajia nyingine. Till inamwonyesha mwenye gari kila shilingi iliyoingia, na dereva na makanga wanaishi kwa kile kinachozidi hesabu ya siku. Ndiyo maana simu yao binafsi ina mvuto. Kwa abiria tofauti ni hii: till inakuachia kumbukumbu ya gari au Sacco uliyopanda, na ukisahau begi una pa kuanzia. Nambari ya mtu inakuachia jina tu. Lipa till kama ipo.

Treni ni mzani tofauti. Laini ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, na Novemba 2020, katikati ya korona, zikaanza kazi treni za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimetumika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Zinatoka stesheni kuu ya Nairobi kuelekea Syokimau, Embakasi Village, Ruiru na Kikuyu. Kikomo cha asilimia 60 kilikuwa rahisi zaidi kusimamia hapa kuliko kwenye matatu, kwa sababu anayeuza tiketi si yule anayeishi kwa kujaza viti. Udhaifu wake ni ratiba. Safari ni chache, nyingi za asubuhi na jioni, na reli ni ya njia moja, hivyo treni mbili zikipishana moja lazima ingoje stesheni na kuchelewa kunaambukiza iliyo nyuma. Ukikosa ya jioni unarudi steji kama wengine. Kwa anayeweza kutembea hadi Imara Daima, Makadara, Githurai au Kahawa, treni inashinda matatu bila ubishi. Kwa anayehitaji boda ya kumfikisha stesheni, faida inaliwa na boda. Anayeshuka SGR pale Syokimau ahamie treni ya mjini moja kwa moja, asipotee kwenye teksi.

BRT, mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake maalumu, ndiyo inayongojwa, na kwa sasa haipewi alama yoyote. NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, iliundwa 2017, laini tano zikapewa majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, na mwaka 2018 Barabara ya Thika ikapakwa mistari myekundu ambayo matatu na magari madogo yaliikanyaga siku ile ile.

Kilicho barabarani kweli ni mabasi ya umeme. Kampuni ya BasiGo ilianza 2022 na basi la BYD K6 la viti 25, linalokwenda kilomita 250 hivi kwa chaji moja. Ndani hakuna moshi wala mtetemo wa injini ya dizeli, na unaweza kuongea na simu bila kupiga kelele. Makanga ni yule yule. Tafuta till yake kwenye kioo.