Siku nne za semina ya kufundisha AP Historia ya Dunia: uzoefu wangu

Tulikuwa walimu sita mezani. Kila mmoja alipewa nakala ya insha ile ile, kazi ya mwanafunzi ambaye jina lake lilikuwa limefichwa, pamoja na mwongozo wa kusahihisha wenye alama 7. Tukasahihisha kimya kimya kwa dakika kumi. Mwezeshaji alipotuambia tutaje alama zetu, wa kwanza alisema 6, wa pili 3, mimi nikasema 5. Alama yake halali ilikuwa 3.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini nimekuja, na hiyo ilikuwa tayari siku ya tatu.

Kwa walimu wenzangu mlioko Marekani ambao hamjakutana na mfumo huu: AP ni kozi za kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo zinazofundishwa sekondari, chini ya College Board, shirika la Marekani linaloandaa mitihani yake. Mtihani hufanyika Mei na matokeo hutolewa kwa daraja la 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi kozi nzima akipata 3 au zaidi, ingawa kila chuo kina kiwango chake. College Board haimlazimishi mwalimu kupitia semina, inachodai ni silabasi yake ikaguliwe na kuidhinishwa. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimefundisha historia ya kawaida kwa miaka minane na mkuu wa shule akanikabidhi darasa hili. Historia naijua. Mtihani wake nilikuwa siujui.

Siku ya kwanza sina mengi ya kuisema. Tulisomewa mwongozo wa kozi, ambao kila mtu anaweza kuupakua na kuusoma mwenyewe nyumbani: vitengo 9, kuanzia mwaka 1200 hadi zama zetu. Kitu kimoja tu kilinigusa, nacho ni huo mwaka 1200. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kozi ingeanzia 1450. Walimu na wanafunzi wengi wakapinga, na hatimaye ikakubaliwa 1200. Ingebaki 1450, hija ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, ya mwaka 1324 ingekuwa nje, na Kilwa ya enzi zake za neema ingekuwa nje pia. Mwanafunzi angekutana na pwani yetu kwa mara ya kwanza Vasco da Gama anapotia nanga. Nawashukuru kwa dhati waliopaza sauti.

Siku ya pili ilihusu kusoma nyaraka, na tuliletewa kipande cha Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, kuhusu hiyo hiyo Kilwa. Mswahili pale nilikuwa peke yangu, nikajiona mwenyeji. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Anausifia mji kwa uzuri wake, anamsifia Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu, kisha anasema majengo ni ya mbao. Nikanyoosha mkono. Nikasema amekosea, maana Msikiti Mkuu wa Kilwa wa mawe ulikuwapo kabla yake, na jumba la Husuni Kubwa, linalohusishwa na sultani huyo huyo, ni la mawe ya matumbawe.

Mwezeshaji hakunibishia. Aliniuliza: aliyasimulia haya lini? Nani aliyaandika? Kule Kilwa alikuwa mgeni wa nani? Tukayafuata maswali yale moja moja. Kitabu cha safari zake kiliandikwa na Ibn Juzayy kutokana na masimulizi yake, kwa amri ya sultani wa Moroko na kukamilika mwaka 1355, miaka 24 baada ya safari ya Kilwa. Msimulizi, yaani Ibn Battuta, ni msomi wa sheria ya Kiislamu aliyepokewa vizuri na mtawala. Mtu wa namna hiyo atakumbuka ukarimu na uchaji wa mwenyeji wake kabla hajakumbuka kuta. Tulikaa juu ya aya ile moja karibu saa nzima, na kila niliposhuka nayo niliona kitu kingine. Miaka yote minane nilikuwa nawafundisha wanafunzi kuhukumu: huyu kasema kweli, huyu kakosea. Kumbe hata kosa la msimulizi ni ushahidi, na mtihani unataka mwanafunzi aeleze hivyo kwa angalau nyaraka 2.

Nirudi kwenye ile insha niliyoipa 5. Alama moja nilimpa kwa hoja, kwa kuwa utangulizi wake ulisomeka vizuri. Nilipoambiwa nipigie mstari sentensi inayojibu swali, sikuiona. Alikuwa amelirudia swali kwa maneno mengine. Alama ya pili ilipotea kwenye nyaraka. Swali huja na nyaraka 7, na mwanafunzi ana dakika 60, akishauriwa 15 kati ya hizo ziwe za kusoma. Akieleza yaliyomo katika nyaraka 3 anapata alama 1. Ili apate ya pili, lazima atumie angalau 4 kutetea hoja yake, na asiye na hoja atatetea nini? Tulisahihisha insha tano siku ile. Kufikia ya tano, meza yetu ilikuwa inatofautiana kwa alama moja tu.

Kilichoniuma ni siku ya nne. Nilikuwa nimeuliza tangu mwanzo: mwanafunzi ambaye bado anajifunza Kiingereza, nimsaidieje kusoma nyaraka 7 za lugha ya karne nyingine kwa dakika 15? Nikaahidiwa kwamba jibu lingekuja siku ya mwisho. Lilipokuja lilikuwa la dakika kumi, na karatasi moja ya orodha ya msamiati. Mimi mwenyewe nilisoma kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani. Najua mtoto anayezielewa fikra lakini anakwama kwenye sentensi anahitaji zaidi ya orodha, na watoto hao ninao darasani. Chuo kilichotuandalia semina kilitujazisha fomu za tathmini kwa muda mrefu kuliko kilivyolijibu swali lile.

Hata hivyo ningekwenda tena, kwa ajili ya siku ya pili na ya tatu. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama mwezeshaji amewahi kushiriki usahihishaji wa mtihani wenyewe mwezi wa Juni. Wetu alikuwa ameshiriki, na ndiyo maana alama zake zilikuwa na maelezo. Beba pia insha mbili za wanafunzi wako, moja nzuri na moja iliyokusumbua. Mimi sikubeba, na ile iliyonisumbua bado ninayo kwenye faili.