Creon 25,000 mbele ya sahani ya wali wa nazi

Kongosho likishachoka, kinachosumbua mezani ni mafuta kuliko kitu kingine chochote. Wanga huanza kusagwa na mate mdomoni, protini hupata msaada tumboni, lakini mafuta hutegemea zaidi lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta kinachotoka kwenye kongosho. Isipotoka ya kutosha, chapati ya jana unaiona leo chooni: kinyesi cheupecheupe, kinanata, kinanuka kupita kiasi, kinaelea na kugoma kushuka hata ukimwaga ndoo ya pili. Creon ni kapsuli ya kuziba pengo hilo, na hapa tunaipima kwa chakula kinacholiwa majumbani kwetu, maana kwa viazi vya kuchemsha vya wodini dawa yoyote itafaulu.

Kapsuli moja ya 25,000 ina miligramu 300 za pankreatini (mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho), ambazo ni yuniti 25,000 za lipasi, 18,000 za amilasi ya kusaga wanga na 1,000 za protiasi ya kusaga protini. Namba ya kuangalia ni ya lipasi. Ndugu akikuletea kopo kutoka Marekani utakuta limeandikwa 24,000 au 36,000, na protiasi imeruka hadi makumi ya maelfu au hata kupita laki moja. Usishtuke. Wamarekani wana mizani yao ya protiasi na amilasi. Lipasi yao inalingana na ya Ulaya, inayotumika kwenye kapsuli hii.

Ufundi wake uko ndani: vichembe vidogo vyenye ganda linalostahimili tindikali ya tumbo na kuyeyuka kwenye utumbo mwembamba, pH (kipimo cha uchachu) ikizidi 5.5, yaani uchachu ukipungua. Vichembe hivyo vinatakiwa vichanganyike na chakula na kushuka nacho. Hapo ndipo wengi wanapoiharibu kazi. Wapo wanaomeza nusu saa kabla ya kula, kama vidonge vya vidonda vya tumbo, na wapo wanaokumbuka wakati wa kunawa mikono. Ikitangulia haina cha kusaga, ikichelewa mafuta yameshapita. Kama ni mbili, moja imezwe na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo, kwa maji ya kawaida. Chai inayofuka mvuke inaua vimeng'enya. Kutafuna nako ni kosa: ganda linapasuka, dawa inafia tumboni, na vichembe vikibaki kwenye fizi vinachubua mdomo. Anayeshindwa kumeza afungue kapsuli, amwage vichembe kwenye kijiko cha tufaha lililopondwa au juisi ya nanasi au chungwa, ameze hapohapo, kisha asukutue. Si kwenye uji wa maziwa, kwa sababu uji hauna uchachu na ganda litayeyuka bakulini.

Kiasi cha kuanzia kwa mtu mzima mwenye maradhi sugu ya kongosho ni yuniti 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkubwa, na nusu yake kwa kitafunio. Kwa hiyo ni kapsuli mbili mchana, mbili usiku, na moja kwa chai ya saa nne. Hii ya saa nne ndiyo inayosahaulika, kwa sababu chai ya maziwa na mandazi mawili tunaiita "chai tu". Chai ya rangi na kipande cha papai haihitaji kitu.

Kuna kipimo cha jicho kinachosaidia jikoni. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kama gramu 14. Kwa wastani wa yuniti 1,800 za lipasi kwa kila gramu ya mafuta, hesabu iliyotokana na wagonjwa wa saistiki fibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu na kongosho), kapsuli moja inabeba takriban kijiko hicho kimoja. Si sheria, ila inakuonyesha ulipo. Kikombe cha tui zito kina karibu vijiko vitatu hadi vinne vya mafuta. Wali uliopikwa kwa kikombe kimoja ukigawanywa kwa watu wanne, kila sahani ina karibu kijiko kimoja. Ongeza samaki wa kupaka, umefika kapsuli mbili bila nafasi ya kubaki. Konzi ya karanga, gramu 30 hivi, ni kijiko kingine. Nusu parachichi vilevile. Anayekula vyote hivyo kwa kapsuli moja asiilaumu Creon.

Na asikimbilie kufuta mafuta yote. Mwongozo wa 2020 wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa, hauagizi mlo wa mafuta kidogo kwa wenye maradhi sugu ya kongosho, isipokuwa pale choo cha mafuta kinapokataa kudhibitiwa. Ugali na kabichi ya kuchemsha kila siku humkondesha mgonjwa ambaye tayari amekonda. Kinachofaa ni milo midogo mitano au sita, protini ya kutosha (samaki, mayai, kuku), na kutojaza tumbo nyuzinyuzi, kwani zikizidi huzuia vimeng'enya. Makande kila siku, kwa hiyo, hapana. Pombe na sigara hazijadiliwi.

Mafuta yakiendelea kuonekana chooni, kagua muda wa kumeza, halafu joto la mahali kopo linapokaa, halafu kiasi. Vikiwa sawa, daktari huongeza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo: kongosho bovu halitoi pia bikaboneti (kizima tindikali) ya kutosha, utumbo unabaki na uchachu, ganda linachelewa kuyeyuka. Usijipandishie dozi ovyo. Kikomo ni yuniti 10,000 za lipasi kwa kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, chakula kikianza kuingia mwilini kweli. Na asiyetarajia nafuu ya maumivu hatavunjika moyo, maana kazi yake ni kusaga chakula.

Kasoro kubwa kwa watu wa pwani ni joto. Kopo linataka lisizidi nyuzi 25, na limefungwa kabisa lisiingie unyevu. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, rafu iliyo juu ya jiko inaimaliza dawa kimyakimya. Mzigo uliosafiri kutwa kwenye buti la basi vivyo hivyo. Nunua kopo dogo, liweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote, beba mfukoni za siku hiyo tu.

Jingine lisemwe wazi: vimeng'enya hivi vinatoka kwenye kongosho la nguruwe. Mwislamu au Msabato ana haki ya kulijua kabla ya kumeza, akazungumze na sheikh au mchungaji wake pamoja na daktari. Vimeng'enya vya kuvu au mimea vipo madukani, lakini havijathibitishwa kufikia kazi hii.

Bei inauma, na duka la dawa la mtaani mara nyingi halina. Ndiyo maana makopo ya "vidonge vya mmeng'enyo" ya bei nafuu yanavutia. Geuza kopo usome nyuma: lisilotaja yuniti za lipasi, lirudishe kaunta.