TAHADHARI: Jamaa wa "propela za kaboni" hapa Dodoma kanila 285,000

Wakuu, naandika hii mkono unatetemeka kuliko hata hiyo droni. Laki mbili na themanini na tano imeondoka Jumamosi mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, tena natabasamu. Chekeni tu, ila msinunue.

Mnaoijua droni yangu ya kuunga, ile ya kiunzi cha F450 cha mota nne niliyoirefusha miguu, mnajua pia yaliyonikuta Hombolo kwa yule mama wa zabibu. Sirudii. Nilimpigia video ya shamba lake kwa droni, mtetemo ukafanya nguzo zikate viuno video nzima, basi. Ndiyo maana nilipoona tangazo la "kifurushi cha kuua mtetemo", propela nne za kaboni zilizokwisha kusawazishwa pamoja na kibao cha kamera chenye mipira, usiku ule sikulala.

Mwenye tangazo akanielekeza frem moja mjini kati. Safi, kioo, feni inazunguka. Droni yake ameifunga mezani, haitikisiki. Kabla ya kuwasha akachomoa propela zote nne, moja moja, taratibu: "Usalama kwanza kaka, ndani hatuwashi na propela." Jamani, nani asingemwamini? Hilo si ndilo tunaloambizana kila siku, na nusu yetu hatulifuati? Nikasema moyoni, leo nimekutana na fundi.

Akachukua kikombe cha chai ya rangi, kimejaa mpaka ukingoni, akakitua juu ya kibao. Akawasha mota. Zuuuu. Chai imetulia kama bwawa la Hombolo alfajiri. Akapandisha kasi, chai ile ile. Kisha akakiinua AKANYWA, ananitazama machoni: "Umeona hata tone?"

Tone sikuliona. Sikuona pia kwamba mota tupu hazina kikubwa cha kutetemesha! Mtetemo mwingi unaletwa na propela zenyewe, jani moja likiwa zito kuliko lenzake huku linazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Yaani mtu katoa mgonjwa nje, halafu ananionyesha kitanda hakina homa. Na mimi nimeitikia kwa kichwa. Mimi, ninayewaelekeza watu humu.

Akanionyesha na video kwenye simu yake, laini kama siagi, "hii ni baada ya kufunga". Nikalipa palepale.

Jumapili nikarudi Hombolo kujisafisha jina. Saa sita, jua la utosi. Nikamwonyesha yule mama kipande cha kwanza, akavaa miwani, akakaa kimya, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona shamba langu linaogelea?" Afadhali angenitukana.

Nyumbani nikapaka spiriti kwenye kitambaa, nikasugua propela. Rangi nyeusi ikahamia kidoleni, chini plastiki nyeupe ya njano njano. Nikakwangua, nikaweka tester ya umeme, kimya. Kaboni halisi inapitisha umeme. Nikaitundika kwenye msumari mwembamba, jani moja likaanguka chini papo hapo, hiyo ndiyo "imesawazishwa". Mipira nayo migumu kama vizibo vya vichupa vya sindano. Mipira hiyo inatakiwa ilingane na uzito wa kamera: ikiwa migumu inapitisha mtetemo wote, ikiwa laini mno kamera inaning'inia na kuyumba.

Video yake je? Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye aliyeona: "Mjomba, mbona kivuli kinachopita ukutani hakina miguu mirefu kama yako?" Ilikuwa droni ya kiwandani, ina gimbali yake, kile kishikio kinachotuliza kamera. Tena imepigwa jioni, mwanga hafifu, shata, kile kifunga mwanga cha kamera, inakaa wazi muda mrefu zaidi na ule mchezo wa picha kuogelea kama jeli hauonekani sana. Ungemwambia apige mchana wa Dodoma tungeonana.

Simu haipatikani. Nimerudi kwenye frem, mwenyewe anauza kava za simu, anasema jamaa aliomba meza kwa siku mbili tu. Mtu wa hivi anatakiwa alale ndani! Sisemi apigwe, msije mkaniingiza matatani, lakini akae mahabusu asugue propela zake kwa spiriti mpaka arudishe senti ya mwisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, si ya kupambia rafu. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na ninyi itumeni.

Dalili, naona sasa: malipo yalikwenda kwenye namba yenye jina la mwanamke, akasema ni shemeji yake. Risiti "mashine imeharibika". Hakukubali nishike propela muda mrefu. Na ukimwomba awashe na propela, nje, anakumbuka ana safari ya Singida.

Propela zangu za zamani nimezibandika vipande vya selotepu upande mwepesi mpaka zikalala sawa msumarini, nguzo zimeacha kucheza kwa kiasi kikubwa. Selotepu ya shilingi mia tano!! Hapo ndipo panaponiuma.

Muamala na picha za mazungumzo ninavyo. Kuna wawili wamenipigia kwamba nao wameonyeshwa hiyo chai. Aliyeuziwa anifuate inbox, Jumatatu saa mbili tunakwenda polisi pamoja, aje na propela zake, asizisugue kwanza.