EPUB au PDF: Makala Zako Zisomeke Vipi?

Makala zangu za mapishi ya Mombasa nimezigeuza kitabu mara mbili. Kwanza PDF, aina ya faili ambayo ni kama karatasi iliyogandishwa: ukurasa wa A4 ukiubana kwenye kioo cha inchi 6, herufi huwa kama punje za ufuta. Shangazi yangu wa Mji wa Kale, ambaye macho yamechoka, alikuwa akiusukuma ukurasa kulia na kushoto kila mstari. Iliniuma.

Mara ya pili nikatumia EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kidijitali. Hii hufuata kioo. Shangazi akikuza herufi, maneno yanajipanga upya, na kutoka orodha ya yaliyomo anagusa mara moja tu, yuko kwenye mkate wa sinia. Calibre, programu ya bure, huitengeneza vizuri ukiwa umeweka vichwa vya sura sawasawa. Kindle, kisomaji cha vitabu cha Amazon, nayo, tangu 2022, huipokea ukiituma kwa barua pepe.

PDF naiachia mashairi. Mshororo wa mizani 16 ukikuzwa kwenye EPUB hukatika ovyo, na kina cha kati kinapotea. Kwenye PDF, ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, husimama pale pale ulipoviweka. Kwa hivyo mapishi ya shangazi yamebaki EPUB. Tungo za babu nazipanga PDF, kwa ukurasa mdogo unaotosha kioo chake.