Panchi ya ngozi ya milimita 4 kwa utafiti wa kuzeeka kwa seli: nzuri, ila mkono ukiwa mzito itasingiziwa

Ukiomba panchi ofisini utaletewa ya kutobolea karatasi. Ya ngozi, ya kukatia kipande kidogo cha ngozi ya mtu, ni kidude cha plastiki kama kalamu nene, chenye ncha ya chuma iliyoviringwa mfano wa mdomo wa mrija. Huja kwenye pakiti iliyotakaswa, makali yake yakiwa na kifuniko, na hutumika mara moja tu. Kwa anayekusanya ngozi ili akuze fibroblasti (seli zinazounda nyuzi za ngozi) na kuchunguza uzee wa seli, ushauri wetu kuhusu saizi hauna mzunguko: chukua ya kipenyo cha milimita 4.

Hesabu ni ya duara tu. Panchi ya 3 hukata eneo la milimita mraba 7 hivi, ya 4 hukata 12.6. Milimita moja inakaribia kukupa nyama maradufu, na kidonda bado hufungwa kwa mshono mmoja au miwili. Ya 6 hutoa 28, lakini huachia kovu mtu ambaye haumwi chochote na amejitolea tu. Ukitaka kukuza seli peke yake, ya 3 inakutosha.

Faida ya nyama hiyo ya ziada ni kuigawa. Kata kutoka juu kwenda chini, ili kila kipande kiwe na tabaka la nje na la ndani. Ukikata kwa mlalo, kipande kimoja kitakosa kabisa fibroblasti, maana hizo hukaa tabaka la ndani. Nusu iende kwenye kukuza seli, robo igandishwe ndani ya OCT, jeli ya kugandishia nyama, robo iingie kwenye maji ya kuhifadhi RNA, nakala za maagizo ya jeni. Usiibadilishe ile ya OCT kwa formalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Kipimo cha beta-galaktosidasi cha pH 6.0, kilichochapishwa mwaka 1995, hutia buluu seli zilizozeeka, na hutegemea kimeng'enya hicho kiwe bado kinafanya kazi. Ngozi iliyolala kwenye formalini kisha ikazamishwa kwenye nta haitoi ile rangi ya buluu, na mzee wa miaka 80 atasomeka kama kichanga. Protini ya p16, alama nyingine ya seli zilizozeeka, ndiyo inayopimika vizuri kwenye nta.

Sasa makali. Panchi mpya inazama kwa kuzungushwa kwa vidole, haihitaji kusukumwa kwa kiganja. Safisha sehemu ya ndani ya mkono wa juu, ambayo jua halijaichakaza, na utumie sehemu hiyohiyo kwa washiriki wote, vijana kwa wazee. Vinginevyo utakuwa unalinganisha jua badala ya umri. Iodini ikibaki juu ya ngozi huua seli kwenye sahani, kwa hiyo malizia na spiriti na uache ikauke. Choma dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, nusu mililita hadi moja. Ikiwa ina adrenalini, subiri dakika 10 ngozi ipauke, damu itapungua sana.

Vuta ngozi kwa vidole viwili kukatisha mistari yake ya asili. Ukiachia, tundu la duara litageuka yai na kushonwa bila kukunjamana. Simamisha panchi wima, zungusha upande mmoja tu. Kuizungusha huku na huku ndiko kunakochanachana tabaka la juu, kisha lawama inakwenda kiwandani. Ukihisi imelegea ghafla, umefika kwenye mafuta: simama. Ncha ina urefu wa milimita 7 hivi, na ngozi ya bibi wa miaka 85 ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo usiizamishe hadi mwisho.

Kipande kitabaki kimeshikilia chini kwa uzi wa mafuta. Kiinue kwa ncha ya sindano, ukate kitako kwa mkasi mdogo. Kibanio chenye meno hukiponda, na seli zilizopondwa hazitii mizizi. Wakati mwingine kipande hukwama ndani ya panchi yenyewe. Hapo ndipo toleo lenye kisukumio linapostahili bei yake. Kwa kazi ya kawaida, sindano inatosha.

Mshono wa nailoni 5-0, uzi mwembamba, hauwafai wote. Ngozi kavu ya wazee huchanika uzi unapokazwa, hao wafunge kwa plasta nyembamba za kubana. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akandamizwe dakika 10 zaidi. Na kabla ya yote uliza kuhusu keloidi, makovu yanayovimba kupita kidonda chenyewe. Mwenye nazo umwache.

Kwa upande wa kukuza, kipande kiingie mara moja kwenye DMEM (maji ya lishe ya kukuzia seli) yenye antibiotiki, kwenye nyuzi 4 au joto la chumba, kifike maabara ndani ya saa 24 ikiwezekana. Kikatekate vipande vya milimita 1, vibandike kwenye sahani yenye visima 6 bila kuviacha vikauke, ongeza DMEM kidogo tu visielee. Seli huanza kuchungulia pembeni baada ya siku 5 hadi 10. Andika hesabu ya kila kupandikiza, yaani kuhamishia seli sahani mpya: seli zilizogawanyika sana nje ya mwili huzeeka zenyewe, na wanasayansi Hayflick na Moorhead walilionyesha hilo mwaka 1961. Usipoandika, hutajua uzee unaoupima ni wa mtu au wa sahani yako.

Kasoro moja ya kweli ya panchi hii: haivumilii ubahili. Wanaoichemsha ili waitumie tena hupata mpini uliolainika na makali yaliyokufa, na kipande hutoka umbo la koni, kipana juu, chembamba chini. Tabaka la ndani, ulilolifuata, ndilo linalopungua. Nunua za idadi ya washiriki pamoja na kumi za akiba, na angalia tarehe ya kwisha muda kwenye pakiti kabla hujalipa.