Mitihani ya mtandaoni ya kuchuja wahitimu wa biashara: tulichopata kwa pesa yetu

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kampuni zinazowauzia waajiri mitihani ya kupima waombaji kazi. Unalipia kila mwombaji, anatumiwa kiungo kwenye simu, anajibu maswali ya hesabu, ya ufahamu wa Kiingereza na ya mantiki ya maumbo, kisha wewe unaletewa ripoti yenye namba. Kampuni tuliyoitumia siitaji jina. Nimezungumza na wenzangu wa ofisi nyingine hapa Mombasa, na karibu kila wanalolisema kuhusu za kwao linafanana na langu.

Mimi ndiye ninayeshughulikia uajiri katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, Shimanzi. Tukitangaza nafasi moja tu ya mhitimu wa biashara, maombi hujaa meza. Zamani tulichuja kama wanavyochuja wengi nchini: KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwanza. Hesabu B, Kiingereza B, na aliye chini ya hapo bahasha yake inawekwa kando. Jambo hili limeniuma siku nyingi. Mtu ana digrii ya biashara, amefika katikati ya mitihani ya uhasibu ya CPA, lakini bado anahukumiwa kwa karatasi aliyoifanya akiwa na miaka 18, pengine katika shule ambayo muhula mzima ulipita bila mwalimu wa hesabu.

Kwa hilo, huduma hii imelipa. Tuliamua kila mwenye digrii aufanye mtihani, na KCSE tusiitazame kabisa. Kijana mmoja wa Likoni, mwenye C- ya sekondari, aliyeanzia diploma akapanda mpaka digrii, alitokea kuwa miongoni mwa bora kwenye hesabu. Kwa utaratibu wetu wa zamani nisingelijua hata jina lake. Ukiniuliza sababu moja ya kulipia mitihani hii, nitakutajia huyo.

Tatizo linaanzia kwenye ripoti. Ukurasa wa kwanza una namba moja kubwa, tuseme 72, imezungushiwa rangi ya kijani. Mzee mwenye ofisi yetu aliisoma kama alama 72 kwa 100, na sidhani ni yeye peke yake. Maana yake siyo hiyo. Maana yake ni kwamba mwombaji amewapita watu 72 katika kila 100 wa kundi analolinganishwa nalo. Kundi lipi? Nikapiga simu. Nikaambiwa ni "wahitimu wa kimataifa". Wa nchi zipi, waliufanya mwaka gani, kwa simu au kwa kompyuta, hakuna aliyeweza kunijibu. Bila majibu hayo, 72 hainiambii mengi kuhusu kijana wa Kisauni anayefanya mtihani kwa bando la kuungaunga.

Na bando ni suala kweli. Binti mmoja alikatikiwa na mtandao katikati ya sehemu ya pili, na mfumo ukayahesabu maswali yote yaliyobaki kuwa ameyakosa. Ripoti yake ikaja nyekundu. Kampuni ilikubali kumfungulia tena, lakini ni baada ya mimi kushikilia kwa barua na kwa simu. Mwajiri ambaye hakumpigia binti yule kumuuliza kilichotokea angekuwa ameshamtupa. Sasa waombaji wote tunawaleta ofisini, wanafanyia kwenye kompyuta zetu.

Kitu kingine: mfumo unakuja na mstari wa kukata uliokwisha kuwekwa, kwetu ulikuwa 60. Mwenye 61 anapita, mwenye 58 anaandikiwa barua ya pole bila mtu kumsoma. Alama tatu katika mtihani wa chini ya saa moja hazimtofautishi mtu na mwenzake. Tuliuzima mstari huo, na nawasihi wengine wauzime.

Kilichotusaidia zaidi ni zoezi tulilolitunga wenyewe. Nilichukua makaratasi ya mzigo wa zamani, nikafuta majina: ankara, orodha ya mizigo na hati ya shehena. Swali la kwanza ni hesabu. Mzigo wa Sh1,000,000 pamoja na bima na nauli, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 16. Ada nyingine ziache. Ushuru ni 250,000, na VAT inatozwa juu ya 1,250,000, yaani 200,000. Wengi huitoza VAT kwenye milioni moja wakapata 160,000. Kisha kuna jambo ambalo siliulizi: orodha ya mizigo inasema katoni 480, hati ya shehena inasema 450.

Aliyekuwa na alama ya juu kabisa mtandaoni alimaliza hesabu upesi na bila kosa, akakabidhi. Zile katoni hakuzigusa. Binti mwenye alama ya wastani aliinua kichwa akaniambia, "Mama, hizi karatasi mbili hazisemi kitu kimoja. Nifuate ipi?" Swali hilo, likiulizwa kabla nyaraka hazijaingia kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi, linaokoa kontena lisikwame bandarini huku gharama zikihesabiwa kwa siku. Tuliwaajiri wote wawili, ila nyaraka anazikagua yule binti.

Watafiti nao hawasemi mbali na haya. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 na kuupa mtihani wa uwezo wa akili uhusiano wa 0.51 na utendaji kazini, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipiga upya hesabu hizo wakapata 0.31, huku usaili wenye maswali yaliyopangwa ukiwa 0.42. Mtihani una kazi yake, lakini haustahili kuamua peke yake. Marekani, Mahakama ya Juu ilishaamua tangu 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, kwamba mtihani unaowafungia nje watu wa kundi fulani lazima uhusiane na kazi yenyewe.

Wapo pia wanaoleta alama za GMAT kwenye wasifu, kwa kuwa wamesikia kampuni za ushauri na benki za uwekezaji ng'ambo huziulizia. Mmoja alituletea 645. Ni alama nzuri sana, kwenye kipimo cha sasa cha 205 hadi 805, na inalinganishwa na 700 ya mtihani wa zamani. Nilimpongeza kwa moyo wote. Lakini mtihani huo ulitungwa kwa ajili ya vyuo vinavyochagua wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, na GMAC, wenye mtihani, wameandika wazi kwamba kuufanya sharti la ajira ni matumizi yasiyofaa. Na ada yake ni mamia ya dola. Tukiutia kwenye tangazo, tutakuwa tunachagua wenye uwezo wa kulipa.

Huduma hii nitailipia tena, kwa kuwaona wale ambao KCSE ingewaficha. Wauzaji nawataka mambo mawili: watupe ulinganisho na wahitimu wa Afrika Mashariki, na waongeze sehemu ya Kiswahili. Mteja wetu akipiga simu saa kumi na moja alfajiri kuulizia kontena lake, hapigi kwa Kiingereza.